Willis O'Brien: miaka 18 ya mazoezi kabla ya King Kong

Katika kipindi chetu cha jioni tulipokea simu ya kijana mmoja aliyetaka ushauri. Ana simu yenye kamera nzuri, ana udongo wa mfinyanzi, na ana mfuko wa yale matofali madogo ya plastiki ya kuchezea watoto ambayo hupachikana. Anataka kutengeneza filamu ya saa nzima, yenye mji, vita na magari yanayoruka, na vyote vijiendee vyenyewe kwenye kioo. Hadithi ameshaiandika mpaka mwisho. Tulipomuuliza ameshatengeneza dakika ngapi mpaka leo, akasema bado hata moja.

Wasikilizaji waliopiga baada yake waligawanyika. Wengine walimwambia aanze tu, atajifunza mbele ya safari. Wengine walimcheka, jambo ambalo halikutupendeza. Muda ukaisha kabla sisi wenyewe hatujamjibu. Tunamjibu hapa kwa maandishi, na jibu letu ni maisha ya mtu mmoja, Mmarekani aitwaye Willis O'Brien, aliyefariki mwaka 1962.

Jina lake huenda hulijui. Lakini kama umewahi kukaa kwenye kibanda cha video ukamwona sokwe mkubwa kuliko nyumba akipanda jengo refu huku ndege zikimmiminia risasi, basi umeona kitu kilichotoka mikononi mwa O'Brien. Filamu za King Kong za miaka ya karibuni hutengenezwa kwa kompyuta. Ile ya kwanza, ya mwaka 1933, haikuwa na kompyuta wala mtu aliyevaa ngozi ya mnyama. Katika sehemu kubwa ya filamu hiyo, sokwe anayewatisha watu ni sanamu ya urefu wa sentimita 45 hivi, ambayo ungeweza kuibeba kwapani.

Kwa wasiojua jinsi kazi hii inavyofanyika, ni hivi. Unaweka sanamu mezani, unapiga picha moja. Unasogeza mkono wake kidogo sana, kama unene wa ukucha, unapiga picha ya pili. Unasogeza tena, unapiga ya tatu. Picha hizo zikipitishwa upesi moja baada ya nyingine, jicho linaziunganisha na sanamu inaonekana inatembea. Filamu yenye sauti hutumia picha 24 kwa kila sekunde. Dakika moja ni picha 1,440. Saa moja, ile anayoitaka kijana wetu, ni picha 86,400, na katika kila picha kuna mkono, mguu, shingo na kichwa cha kusogezwa. Gari likipita mbele nalo lina safari yake.

Kutoka ranchi hadi ulingo wa ngumi

O'Brien alizaliwa tarehe 2 Machi 1886 katika mji wa Oakland, jimbo la California. Hakuwa mtoto wa darasani. Alitoroka nyumbani akiwa na miaka 11 akaenda kufanya kazi kwenye ranchi za ng'ombe, na tangu hapo akaishi kwa vibarua. Alitega wanyama, alihudumu baa, alichunga ng'ombe, alifanya kazi kwenye reli. Kwa muda aliwaongoza porini wataalamu waliokuwa wakitafuta mifupa ya wanyama wa kale karibu na Crater Lake, na huko ndiko alikoanza kuvutiwa na dinosaria, wale wanyama wakubwa waliotoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Aliwahi kupigana ngumi za kulipwa. Baadaye akaajiriwa kuchora ramani za majengo, kisha kuchora vibonzo vya michezo katika gazeti la San Francisco, kisha kuchonga marumaru.

Tumeitaja orodha hiyo kwa sababu vitu vitatu ndani yake vitarudi: ngumi, dinosaria na uchongaji. Wakati ule hakuna aliyejua vitakutana wapi, yeye mwenyewe akiwemo.

Inasimuliwa kwamba siku moja kazini alifinyanga mwanamasumbwi mdogo wa udongo. Mwenzake akafinyanga wa kwake, wakawagombanisha kwa mkono kama watoto. O'Brien akafikiri kwamba kama kamera ingepiga picha moja, wakamsogeza yule mwanamasumbwi, ikapiga nyingine, pambano lingeonekana la kweli. Hakuwa wa kwanza duniani kulifikiria hilo, maana Ulaya na Marekani wapo waliokwisha kuchezesha vijiti na wadudu waliokufa kwa njia hiyo. Lakini yeye hakuwa na mwalimu wala kitabu. Alijaribu.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa la dakika moja hivi tu: mtu wa mapangoni na dinosaria mmoja, wa udongo uliokandikwa juu ya vijiti vyenye viungo. Walilipiga juu ya paa la jengo la benki mjini San Francisco, akisaidiwa na mpiga picha wa filamu za habari. Kwa mujibu wa waliosimulia, lilikuwa linarukaruka na halikuwa na urembo. Lakini mfanyabiashara wa sinema, Herman Wobber, aliliona akampa dola 5,000 atengeneze kitu kirefu zaidi.

Kirefu zaidi kilikuwa dakika tano hivi. Ndicho tunachotaka kijana wetu akitazame. Dakika moja, kisha tano. Filamu hiyo ya mwaka 1915, The Dinosaur and the Missing Link, ilimchukua miezi kama miwili. Ni kichekesho kuhusu watu wa mapangoni wanaogombea mchumba. Ndani yake kuna kiumbe nusu mtu nusu sokwe, mwenye manyoya na mwendo wa kuyumba, anayetafuta nyoka wa kula, anashika mkia wa dinosaria akidhani ni nyoka, na anauawa. Sokwe huyo mdogo wa udongo ndiye babu wa King Kong. Alitangulia miaka 18.

Filamu fupi, moja baada ya nyingine

Kampuni ya Thomas Edison iliinunua filamu ile na kumwita O'Brien New York. Mwaka 1917 akawatengenezea filamu fupi kadhaa, nyingi za kuchekesha. Katika mojawapo kuna mpeleka barua wa zama za mawe mwenye mkokoteni unaovutwa na dinosaria. Ukizitazama leo, na baadhi bado zipo, utaona miguu inayoteleza chini kana kwamba sakafu imemwagiwa mafuta, na shingo zinazogeuka kwa mshtuko. Utaona pia kwamba makosa hayo yanapungua kadiri filamu zinavyoendelea.

Kuna jambo watu wengi hulikosea wanapoanza, na tumelisikia hata kwa vijana wa hapa wanaorekodi vichekesho kwa simu. Wanadhani ugumu ni kukifanya kitu kisogee. Kusogea ni rahisi. Ugumu ni kukifanya kionekane kina uzito. Mnyama wa tani nyingi hawezi kuinua mguu kama kuku, lazima kwanza mwili uegemee upande wa pili, kichwa kishuke, halafu mguu uje. Mtu anayebeba gunia la mahindi haanzi kwa mguu, anaanza kwa kiuno. O'Brien alikuwa amebeba mizigo maishani, amepiga na kupigwa, na hilo lilimsaidia. Hata hivyo kulijua mwilini na kuliweka kwenye sanamu picha kwa picha ni mambo mawili tofauti, na la pili lilimchukua miaka.

Studio ya Edison ilipofungwa, O'Brien alifanya kazi na mtu aliyeitwa Herbert Dawley kwenye filamu ya The Ghost of Slumber Mountain, iliyotoka mwaka 1919. Iligharimu dola 3,000 hivi na inasemekana ilirudisha zaidi ya dola 100,000. Humo O'Brien mwenyewe anaigiza mzimu wa mzee wa mlimani. Hapa dinosaria si vichekesho tena, wanapigana na kufa. Lakini Dawley aliikata filamu ikawa fupi mno, kisha akajitangaza kuwa yeye ndiye aliyewafanya wanyama watembee. O'Brien hakuwa mtu wa kelele. Katika maisha yake utaliona hilo mara kwa mara, na kwa maoni yetu lilimgharimu sana.

Dunia iliyopotea

Kufikia hapo O'Brien alikuwa na zaidi ya umri wa miaka 30, na sasa ndipo alipothubutu kuingia filamu ndefu. Ilikuwa The Lost World, kutokana na kitabu cha Mwingereza Arthur Conan Doyle, kinachosimulia safari ya kwenda mahali ambapo dinosaria bado wanaishi.

Hata hapo hakuanza na filamu. Alianza na kipande cha majaribio. Mwezi Juni 1922, Conan Doyle alikichukua kipande hicho akakionyesha mjini New York mbele ya chama cha wafanya mazingaombwe, bila kuwaeleza ni nini. Watu ambao kazi yao ni kudanganya macho ya wengine walibaki wakitazamana, na kesho yake gazeti la New York Times likaandika habari hiyo kama jambo la kushangaza. Jambo baya likafuata: Dawley alidai kuwa njia ile ni yake na akatishia kwenda mahakamani. Kazi ikacheleweshwa.

O'Brien alijua pia udhaifu wake. Udongo ulikuwa umefika mwisho wake. Chini ya taa kali za studio udongo hulainika na kuinama, na kila ukiugusa unaacha alama ya kidole. Hakung'ang'ania kufanya yote mwenyewe. Katika chuo cha sanaa mjini Los Angeles alikutana na kijana mzaliwa wa Mexico, Marcel Delgado, aliyekuwa akifanya kazi dukani mchana. Alimpa kazi, Delgado akakataa. Akamrudia, akakataa tena. Mwishowe O'Brien alimkaribisha tu kuitembelea studio, akamwonyesha chumba chenye meza, vifaa na picha za dinosaria ukutani, akamwambia chumba hicho ni chake akikitaka. Delgado akabaki.

Delgado alitengeneza sanamu karibu 50. Ndani aliweka mifupa ya chuma yenye viungo vinavyozunguka na kukaza, ili mguu ukisogezwa ukae pale pale. Juu ya mifupa akaweka misuli ya sponji, na juu ya misuli ngozi ya mpira. Wanyama wengine waliwekewa kifuko cha hewa tumboni. Kwa kukijaza na kukipunguza kidogo kati ya picha na picha, mnyama anaonekana anapumua hata akiwa amesimama. Kitu kidogo kabisa, lakini mtazamaji hawezi kuamini kwamba kitu kisichopumua ni kizima.

The Lost World ilitoka Februari 1925. Kwa waigizaji na dinosaria kuonekana pamoja, O'Brien aliziba sehemu ya picha, akapiga watu upande mmoja, kisha akarudisha ukanda ule ule na kupiga wanyama upande wa pili. Kosa likitokea raundi ya pili, kazi ya raundi ya kwanza nayo inapotea. Mwishoni dinosaria mmoja anazurura London na kuvunja daraja. Watu walijaa kwenye sinema.

Kazi iliyotupwa

Mtu angedhani sasa njia imenyooka. Haikunyooka. Mwaka 1930 O'Brien alianza filamu nyingine ndefu, Creation, katika kampuni ya RKO. Alifanya kazi karibu mwaka mzima, akatengeneza misitu midogo na wanyama wapya, fedha nyingi zikatumika. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, RKO ilikuwa inayumba, na akaletwa mtu wa kukagua kazi zote na kukata zisizofaa. Alikuwa Merian Cooper.

Cooper aliitazama Creation akaona inachosha. Kwake ilikuwa wanyama wanaotembeatembea bila hadithi. Akaifuta.

Sisi tumefikiria sana jinsi O'Brien alivyojisikia siku ile. Lakini Cooper alikuwa na ndoto yake kichwani. Alipokuwa Afrika akipiga picha za filamu nyingine, alitazama nyani kwa muda mrefu, akapata wazo la filamu kuhusu sokwe mkubwa mno. Alichokikosa ni namna ya kumtengeneza. Katika vipande vya filamu aliyokuwa ameifuta akaiona namna hiyo. O'Brien akachora picha ya sokwe akiutikisa mti mkubwa ulioanguka juu ya korongo, watu wakidondoka mmoja mmoja. Cooper akamwomba atengeneze kipande kimoja tu cha majaribio. Wakuu wa kampuni wakakiona, wakakubali. Baadhi ya wanyama wa Creation wakahamia kwenye filamu mpya. Kazi iliyotupwa ikawa ghala.

Sokwe wa sentimita 45

Delgado aliunda Kong kwa mifupa ya chuma, sponji na mpira, akamvika ngozi ya sungura. Viliundwa pia vitu vikubwa vya kuigiza na watu: mkono mzima wa kumshika mwigizaji Fay Wray, mguu, na kichwa chenye kifua ambacho watu watatu walikaa ndani yake kukichezesha. Misitu ya mezani ilikuwa na tabaka kadhaa za vioo vilivyochorwa, moja nyuma ya nyingine, ili pori lionekane halina mwisho. Na O'Brien akafanya jambo jipya: aliweka vitambaa vidogo vya sinema ndani ya pori lile la mezani, akaonyesha juu yake picha za waigizaji waliopigwa kabla, picha moja kwa kila msogeo wa sanamu. Ndiyo maana unamwona mtu hai akiwa pangoni na mkono wa Kong ukimtafuta.

Pambano la Kong na dinosaria mkubwa, tyrannosaurus, lilichukua wiki saba. Hapa ndipo yule bondia wa zamani anaonekana. Kong harushi mikono ovyo. Anamzunguka adui, anaingia, anatupa ngumi ya kulia, anashika taya, anarushwa chini, anainuka kwa goti. Mwisho anaipasua ile taya. Halafu anafanya kitu kisichohitajika na hadithi: anaichezesha taya ya marehemu huku na huku kwa vidole, kama mtoto anayetaka kuhakikisha kwamba kitu kimekufa kweli. Kwa maoni yetu hapo ndipo sanamu ya manyoya ya sungura inapokuwa na roho. Tofauti ya wanamasumbwi wawili wa udongo mezani na pambano hili ni miaka kama 20 ya kusogeza vitu vidogo.

Makosa yalikuwepo. Wakati fulani ua halisi lililokuwa kwenye pori la mezani lilichanua wakati wa kazi, na hakuna aliyeliona. Picha ziliposafishwa, ua likaonekana linafunguka kwa kasi nyuma ya sokwe, na kazi ya siku nzima ikatupwa. Taa ikiungua katikati ya kipande, mwanga unabadilika na lazima waanze upya. Manyoya ya Kong pia yanachezacheza filamu nzima. Hizo ni alama za vidole vya watu waliomshika kati ya picha na picha. Hawakuweza kuzizuia. Watazamaji walidhani ni hasira inayomsimamisha manyoya.

Sisi watu wa redio haturuhusiwi kupita bila kutaja sauti. Ngurumo ya Kong ni ya simba na chui milia waliorekodiwa kwenye bustani ya wanyama, ikapunguzwa kasi na nyingine kuchezwa kinyumenyume, kazi ya Murray Spivack.

King Kong ilianza kuonyeshwa New York tarehe 2 Machi 1933, siku O'Brien alipotimiza miaka 47. Siku chache baadaye benki za Marekani zote zilifungwa kwa amri ya serikali kwa sababu ya mdororo, na watu hawakuwa na fedha mkononi. Hata hivyo katika siku nne za kwanza tiketi zililetea karibu dola 90,000.

Filamu hiyo ina doa na tusilifiche. Kisiwa chake kimewekwa katika Bahari ya Hindi, upande wa magharibi wa Sumatra, na wenyeji wa kisiwa wameonyeshwa kama washenzi wa kupiga ngoma na kutoa kafara. Ndivyo Hollywood ilivyowaona watu weusi na watu wa visiwa. Unaweza kujifunza kazi ya mikono ya O'Brien bila kuyameza hayo.

Baada ya Kong

Mwaka ule ule wa ushindi ulimletea msiba ambao hakuuzungumzia hadharani. Ndoa yake na Hazel Collette ilikuwa imevunjika. Hazel alikuwa mgonjwa sana, wa kifua kikuu na saratani. Walikuwa na wana wawili, na mkubwa, William, alikuwa amepoteza uwezo wa kuona. Inasimuliwa kwamba O'Brien aliwaleta studio wakati wa kutengeneza filamu ya pili, Son of Kong, akamwachia William azipapase sanamu kwa mikono. Wiki chache baadaye, Oktoba 1933, Hazel aliwapiga risasi watoto wote wawili wakafa, kisha akajipiga mwenyewe. Alinusurika, akafariki mwaka uliofuata. O'Brien alioa tena Novemba 1934, mke wake Darlyne, aliyekaa naye hadi mwisho.

Son of Kong ilifanywa kwa haraka na fedha kidogo, na O'Brien hakuwahi kuipenda. Yaliyofuata ni orodha ya filamu zilizoanzwa na kufutwa: War Eagles ilisimamishwa wakati vita vya dunia vikikaribia, kisha Gwangi, hadithi ya wachunga ng'ombe wanaokutana na dinosaria, nayo ikafutwa.

Lakini katika sinema moja ya Los Angeles mwaka 1933 alikuwa ameketi mvulana wa miaka 13, Ray Harryhausen. Alitoka humo kama aliyepigwa radi. Alianza kutengeneza sanamu nyumbani. Baba yake, fundi, alimsaidia kutengeneza mifupa ya chuma, na koti la manyoya la mama likaishia kuwa ngozi ya dubu. Akiwa bado kijana alimpigia simu O'Brien na kwenda kumwona na sanduku la sanamu zake. O'Brien alizitazama kwa upole, kisha akamwambia ukweli: miguu ya dinosaria wake ilikuwa kama soseji. Akamshauri akasome jinsi mifupa na misuli inavyokaa mwilini. Harryhausen akaingia madarasa ya jioni.

Kijana wetu wa simu, hapa tega sikio. Harryhausen naye alianza filamu kubwa mno kwa umri wake, historia yote ya viumbe duniani, akiipiga nyumbani. Mwaka 1940 alipoona filamu ya Fantasia ya Disney, yenye dinosaria waliochorwa, aliona hawezi kushindana nayo akaiacha. Vile vipande alivyokwisha kuvipiga ndivyo alivyovionyesha alipoomba kazi ya kuchezesha vikaragosi kwa George Pal, akaajiriwa. Baada ya vita alitengeneza hadithi fupi za watoto, za dakika chache, kwa fedha zake.

O'Brien alipopata tena filamu kubwa, Mighty Joe Young ya mwaka 1949, alimchukua Harryhausen kuwa msaidizi. Mzee alichora na kupanga, kijana akasogeza sehemu kubwa ya sanamu kwa mikono yake. Filamu ikapata tuzo ya Oscar ya picha za ufundi, iliyotolewa mwaka 1950. O'Brien alikuwa na miaka 64.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kazi ndogondogo. Filamu mpya ya The Lost World ya mwaka 1960 ilimwajiri kama mshauri, kisha ikatumia mijusi hai waliobandikwa pembe, kwa sababu ni rahisi. Aliandika wazo la kumpambanisha Kong na jitu jingine. Likauzwa hadi Japani na kugeuka kuwa King Kong vs. Godzilla, bila jina lake na kwa mtu aliyevaa vazi la mpira. Alifariki Los Angeles tarehe 8 Novemba 1962.

Michoro ya Gwangi ilibaki. Harryhausen aliichukua, akaitengeneza upya wale wachunga ng'ombe na dinosaria wao, na mwaka 1969 filamu ikatoka kwa jina la The Valley of Gwangi. Kuna sehemu wanaume wanne juu ya farasi wanamtupia dinosaria kamba shingoni, na kila kamba inavutika na kulegea kama kamba ya kweli. O'Brien alikuwa ameichora sehemu hiyo zaidi ya miaka 25 kabla.